Kabla Hujaligeuza Lori Kuwa Tipa

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa kijijini, wengi mnaniuliza kama inalipa kulifunga fuso la mazao jeki ya haidroliki ili liwe tipa. Maoni yangu: kama mzigo wako mkubwa ni magunia ya mahindi au matenga ya nyanya, achana nalo. Magunia hayamwagwi, vijana wa kushusha utawalipa vilevile. Tipa ni ya mchanga, kokoto na samadi, na hata huko inakuokolea kazi ya kushusha tu. Kama mnapakia kwa koleo, jasho la kupakia liko palepale.

Halafu jeki, pampu na fremu ya pili chini ya bodi ni vyuma vizito. Mizani haitenganishi chuma na mzigo. Kwa Afrika Mashariki, ekseli ya nyuma yenye matairi manne kikomo chake ni tani 10.

Ukishaamua, usinyanyue bodi gari likiwa limeinama upande, wala chini ya nyaya za umeme. Na mtu asiingie chini ya bodi iliyonyanyuliwa, hata kukaza nati moja, kabla haijawekewa nguzo ya chuma. Mpira wa oili ukipasuka, bodi inashuka papo hapo.