Tokyo ya Akina Bibi

Mwezi huu tutoke kidogo kliniki na jikoni, twende mbali. Wengi wetu tukisikia jina la Tokyo tunaona maghorofa, taa za rangi usiku, na treni zilizojaa watu kama dagaa kwenye gunia. Hayo yapo. Jiji hilo lina watu wapatao milioni 14, na ukishuka Shibuya au Shinjuku saa ya watu kwenda kazini, utadhani hakuna mzee anayethubutu kutoka nje. Lakini nyuma ya maghorofa hayo iko Tokyo nyingine ambayo wageni wengi hawaifikii.

Nilikwenda huko kwa mafunzo mafupi ya uuguzi mwishoni mwa mwezi wa Machi, majira ya kuchipua yalipokuwa yanaanza. Siku za kazi tulikuwa darasani, Jumamosi tulikuwa huru. Mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyekuwa akitusaidia, aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Huko kwenu, wazee wa mjini hutoka nyumbani?" Nikamwambia kwamba wa kijijini hutoka, wa mjini wengi hushinda ndani. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi usiende kwenye maduka makubwa. Panda tramu, uangalie."

Tramu ni gari la reli la mjini. Zamani zilienea Tokyo nzima, lakini magari yalipozidi barabarani, kati ya mwaka 1967 na 1972 karibu njia zote za jiji ziliondolewa. Njia ya Arakawa ilibaki. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1911, na sehemu kubwa ya reli zake haipiti kati ya magari bali katika njia yake yenyewe, nyuma ya nyumba za watu. Ina urefu wa kilometa 12 hivi na vituo 30, kutoka Minowabashi hadi Waseda. Kila tramu ni behewa moja tu. Linapita karibu sana na madirisha, hata unaona nguo zilizoanikwa na vyungu vya maua mlangoni.

Jambo la kwanza nililoliona kama muuguzi lilikuwa jukwaa la kituo. Limeinuliwa likalingana na sakafu ya behewa. Hakuna ngazi ya kupanda. Bibi mwenye mkongojo anaingia, mama mwenye kigari cha mtoto anaingia, na hakuna anayehitaji kushikwa mkono wala kuomba radhi kwa kuwachelewesha wenzake.

Nilishuka kwanza Asukayama. Ni kilima kidogo chenye bustani ya sakura, yaani micheri inayopandwa kwa ajili ya maua, si matunda. Karibu miaka 300 iliyopita, mtawala Tokugawa Yoshimune aliamuru miti hiyo ipandwe hapo ili wananchi wa kawaida wapate mahali pa kupumzika, kula na kuimba. Hadi leo familia hutandika mikeka chini ya miti na kufungua vyakula vyao. Wazee nao wamo, kwa sababu tangu mwaka 2009 kuna kibehewa kidogo kinachopandisha watu kilimani bila malipo. Manispaa ilifikiri: maua yako juu, bibi yuko chini, tufanyeje? Ikatengeneza njia.

Baada ya vituo vichache nilishuka Koshinzuka, unapoishia mtaa wa Sugamo Jizo-dori. Vijana wa Tokyo wana Harajuku, mahali pao pa mitindo. Sugamo watu huuita Harajuku ya akina bibi. Ni barabara ya mita 800 hivi yenye maduka kama 200, na kila tarehe inayoishia na 4, yaani tarehe 4, 14 na 24, huwa na gulio. Bei zimeandikwa kwa herufi kubwa. Yanauzwa majani ya chai, kofia, mikongojo, viatu visivyobana, na maandazi laini ya unga wa mchele yenye maharage matamu ndani na chumvi kidogo. Hata nguo za ndani nyekundu zimepangwa waziwazi, kwani wengi huamini kwamba rangi hiyo hutia mwili joto na kuleta heri. Akina bibi walizichambua mbele ya watu wote, wakicheka kama wasichana wa shule.

Katikati ya mtaa kuna hekalu la Kibuddha liitwalo Koganji. Husimuliwa kwamba mwaka 1715 mtumishi mmoja wa kike alimeza sindano, akameza karatasi yenye picha takatifu ya hapo, kisha akaitapika pamoja na sindano. (Mama mwenzangu, mtu wako akimeza sindano mkimbize hospitali, usimpe karatasi wala ndizi.) Nje ya hekalu iko sanamu ya jiwe. Mwenye maumivu huilowesha maji na kuifuta mahali panapomuuma yeye. Sanamu ya zamani ilikuwa ikisuguliwa kwa brashi mpaka ikachakaa, kwa hiyo mwaka 1992 iliwekwa nyingine, na sasa hutumiwa kitambaa. Mimi sikuwa na la kuomba kwa jiwe, lakini nilisimama kando kwa muda mrefu nikitazama foleni. Magoti. Kiuno. Magoti. Mabega. Macho. Ilikuwa foleni ileile ninayoiona kila Jumatatu kwenye kliniki yetu. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa wamejipamba, na walikuwa wakiongea. Wasiojuana walionyeshana goti linalouma, wakaulizana dawa, wakaondoka pamoja kwenda kunywa chai.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni mahali palipokuwa kijiji cha Somei, kilichojaa watunza bustani. Hapo ndipo aina ya sakura inayoitwa Somei-yoshino ilipotokea, katika karne ya 19. Mbegu yake haitoi mti unaofanana na mama yake, hivyo miche yote hupatikana kwa kubebesha, kama tufanyavyo kwa miembe. Kila mti wa aina hiyo, popote ulipo, asili yake ni mti mmoja. Ndiyo sababu miti ya mtaa mmoja huchanua kwa pamoja, na baada ya wiki moja hivi hupukutisha maua kwa pamoja. Kwa kuwa muda ni mfupi, hakuna anayesema atakwenda kuyatazama mwezi ujao. Anayetaka kumpeleka mama yake humpeleka wiki hiyohiyo.

Nikapanda tramu tena hadi Zoshigaya. Mtaa huu una vichochoro vyembamba, kimya, na makaburi makubwa yaliyofunguliwa mwaka 1874, yenye miti mingi. Hapo amezikwa mwanamke ambaye ningependa kila binti yetu amjue: Ogino Ginko, aliyezaliwa mwaka 1851. Aliolewa akiwa na miaka 16 hivi, mumewe akamwambukiza kisonono, ndoa ikavunjika. Alitibiwa kwa muda mrefu na madaktari wanaume, kwani wanawake hawakuwako katika kazi hiyo. Aibu aliyoipata kitandani ikamfanya aazimie kuwa daktari, ili wanawake wengine wapate wa kumweleza siri zao. Mara kadhaa alinyimwa ruhusa ya kufanya mtihani kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 1885 alifaulu, akawa mwanamke wa kwanza nchini Japan kupewa leseni ya udaktari wa tiba ya kisasa, na mwaka huohuo akafungua zahanati yake Tokyo. Baadaye alibatizwa, akawa mtumishi katika umoja wa wanawake Wakristo. Alifariki mwaka 1913. Mama, ukiwa na binti anayeona haya kusema anaumwa wapi, msimulie habari za Ogino Ginko.

Mwendo wa dakika chache kutoka makaburini kuna nyumba nyeupe ya mbao iliyojengwa mwaka 1907 na mmisionari Mmarekani, John Moody McCaleb. Aliishi humo hadi mwaka 1941, vita ilipokaribia. Sehemu kubwa ya eneo hilo la jiji iliteketea kwa mabomu usiku wa tarehe 13 Aprili 1945, lakini nyumba hiyo ilipona. Miaka mingi baadaye ilipotaka kubomolewa, majirani walikataa, na manispaa ya Toshima ikainunua. Sasa ni makumbusho, na kuingia ni bure. Majirani wale wengi wao si Wakristo. Waliitetea kwa sababu ni ya mtaa wao.

Mwisho wa matembezi ni hekalu la Kishimojin, ambako wanawake huombea uzazi salama na afya ya watoto. Uwanjani kuna mti unaoitwa ginko, wenye umri wa zaidi ya miaka 600. Zamani wanawake waliotamani mtoto waliukumbatia. Pembeni kuna kibanda cha peremende kilichoanzishwa mwaka 1781. Kitu kinachojulikana zaidi hapo ni bundi wadogo waliotengenezwa kwa manyasi makavu. Kwetu bundi ni ndege wa mkosi, lakini pale ni zawadi. Husimuliwa kwamba msichana maskini aitwaye Okume hakuwa na fedha za kumnunulia mama yake mgonjwa dawa. Alioteshwa atengeneze bundi wa manyasi awauze. Akawauza, akanunua dawa, mama akapona. Ni hadithi tu, lakini imekaa mahali pake: watoto hupelekwa hapo ili wakue, na wanaondoka wamesikia habari ya mtoto aliyemtunza mama yake.

Sitaki udhani kwamba Tokyo ni paradiso ya wazee. Nchini Japan karibu watu 29 katika kila 100 wana umri wa miaka 65 au zaidi, na wengi wanaishi peke yao. Mwaka 2024 polisi wa nchi hiyo walihesabu watu zaidi ya 76,000 waliokuwa wakiishi peke yao na wakafia nyumbani. Zaidi ya 58,000 kati yao walikuwa na miaka 65 au zaidi, na wengine walikutwa baada ya siku nyingi. Nchi hiyo ina hospitali na dawa. Tangu mwaka 2000 ina bima ya utunzaji wa wazee, ambayo watu huanza kuichangia wakifikisha miaka 40. Lakini bima inaleta mhudumu kwa saa zake. Haileti jirani wa kuuliza, "Mbona leo sijamwona bibi?"

Nilimrudishia yule mama muuguzi jibu lake. Nikamwambia nimewaona wazee wakitoka, nami nimejua kwa nini. Mlangoni hakuna ngazi. Njiani kuna pa kukaa. Huko waendako kuna mtu anayewafahamu kwa jina, na kuna kitu kidogo cha kununua kwa fedha zao wenyewe. Akasema, "Asiyetoka, ndiye tunayemhofia."

Sasa tujiangalie sisi. Tunawaleta mama zetu mjini kwa upendo mkubwa. Tunawapa chumba, godoro zuri na televisheni. Kisha asubuhi tunafunga geti, baba kazini, sisi kazini, watoto shuleni, naye anabaki na msichana wa kazi mpaka jioni. Baada ya mwaka tunamleta hospitali: miguu imevimba, presha imepanda, hataki kula, anauliza lini atarudishwa kijijini. Tunasema ni uzee. Mara nyingi siyo uzee peke yake. Misuli ya mzee isiyotumika hupoteza nguvu upesi, hata kwa siku chache za kulala kitandani. Na moyo usiokuwa na wa kuongea naye huchoka vilevile.

Hatuna tramu ya Arakawa, wala hatuhitaji kuingoja. Haya yamo katika uwezo wetu:

Kwanza, angalia mlango wako. Kama kuna ngazi ndefu, mwombe fundi aweke kingo ya kushikilia au ajenge mteremko wa saruji. Weka benchi nje, kivulini, mahali anapoweza kuona watu wakipita.

Pili, mpe fedha kidogo mkononi, na sababu ya kutoka. Mwachie kazi ya kununua nyanya na mchicha gengeni. Huo ndio mazoezi yake, na hapo ndipo atakaposalimiwa.

Tatu, mjulishe kwa majirani. Mwenye genge, fundi cherehani, mama wa nyumba ya pili, wote wajue jina lake, ili siku asipoonekana waulize.

Nne, akina mama wa jumuiya, tunapogawana zamu za kuwatembelea wagonjwa, tusiwasahau wazee wazima wanaoshinda ndani peke yao. Tusiende na mkate tu. Twende tukawatoe, tuwapeleke ibadani, sokoni, au kwa mwenzao wa umri wao wakaonyeshane magoti.

Na ikitokea ukajaliwa kufika Tokyo wakati wa sakura, pengine kumtembelea mtoto anayesoma huko, mwambie akupandishe ile tramu ya behewa moja. Vaa viatu vya kutembelea, beba fedha za sarafu, na usiwe na haraka.

Hadi mwezi ujao, Mungu awalinde ninyi na mama zenu.