Kenya: Wazazi wote wawili wawajibika kumtunza mtoto, lakini nani alipe kiasi gani?

Wazazi wanapotengana nchini Kenya, sheria haina shaka tena kuhusu nani anapaswa kumtunza mtoto. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kuwa mama na baba wana jukumu sawa, wawe wamefunga ndoa au hawakufunga. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeliendeleza agizo hilo na kuiondoa sheria ya mwaka 2001, ambayo ilimtwika jukumu la kwanza mama asiye na ndoa huku baba akisubiri kulipata kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama.

Swali ambalo bado halina jibu moja ni la kiasi. Sheria haitaji asilimia ya mshahara wala haina jedwali la viwango. Hakimu wa Mahakama ya Watoto hupima kipato na mali ya kila mzazi, mahitaji ya mtoto, na watu wengine wanaomtegemea mzazi huyo, kisha hutaja kiasi anachokiona kuwa cha haki. Kwa hiyo familia mbili zinazofanana kwa kila hali zinaweza kutoka mahakamani na amri zinazotofautiana sana.

Hesabu huanzia kwa mtoto

Mfano wa kubuni unaweza kueleza jinsi hesabu inavyofanyika. Tuseme mtoto wa miaka tisa anaishi na mama yake mjini Nakuru. Chakula chake ni shilingi 7,000 za Kenya kwa mwezi. Sehemu yake ya kodi ya nyumba, maji na umeme ni 5,000. Nauli, mavazi na matibabu ni 4,000. Karo na mahitaji ya shule ni 8,000 kwa muhula, yaani 24,000 kwa mwaka wa mihula mitatu, au 2,000 zikigawanywa kwa miezi 12. Jumla ni shilingi 18,000 kwa mwezi.

Iwapo mama anapata shilingi 30,000 na baba 60,000, kugawana nusu kwa nusu kungemfanya mama atoe asilimia 30 ya kipato chake na baba asilimia 15 tu. Wakichangia kwa uwiano wa vipato vyao, mama atatoa 6,000 na baba 12,000, na kila mmoja atakuwa ametoa asilimia 20. Jukumu sawa, kwa maana hiyo, si lazima liwe kiasi sawa cha fedha. Na hapo bado haijahesabiwa kazi ya mama ya kupika, kufua na kukesha mtoto anapougua, kazi ambayo haina risiti ya kupeleka mahakamani.

Kipato kisichoonekana

Ugumu mkubwa hauko katika kugawanya, bali katika kuzijua zile 60,000 za baba. Mwenye ajira rasmi ana hati ya mshahara, na mahakama inaweza kuamuru mwajiri amkate moja kwa moja. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini Kenya ziko katika sekta isiyo rasmi, inayoitwa jua kali. Mwendesha bodaboda, fundi au mfanyabiashara wa nguo za mitumba hana hati ya namna hiyo. Mzazi huapa kwamba anapata kidogo, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo humwangukia mwenzake, ambaye mara nyingi hana wakili. Taarifa za benki na za M-Pesa husaidia kuonyesha fedha zilizoingia, ingawa hazitofautishi mtaji wa biashara na faida.

Tatizo hilo linafafanua kwa nini mifano ya mbali haiwezi kunakiliwa ilivyo. Nchini Uingereza, mzazi anayelipa huanza na asilimia 12 ya kipato chake kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili na 19 kwa watatu au zaidi, pale kipato hicho kinapokuwa kati ya pauni 200 na 800 kwa wiki. Kiasi hicho hupunguzwa iwapo mtoto hulala kwake angalau usiku 52 kwa mwaka. Mfumo huo unawezekana kwa sababu kipato huchukuliwa kutoka kumbukumbu za mamlaka ya kodi. Nao una kasoro yake: haujali kipato cha mzazi anayeishi na mtoto, jambo ambalo lingegongana na jukumu la pamoja lililomo katika Katiba ya Kenya.

Funzo la shilingi 100

Tanzania ina funzo la aina nyingine. Sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni iliweka shilingi 100 kwa mwezi kuwa kikomo cha matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Ilipotungwa, kiasi hicho kilikuwa na uzito. Mfumko wa bei ukakimaliza, lakini tarakimu ikabaki kitabuni hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoifuta. Sasa mahakama za Tanzania, kama za Kenya, huangalia kipato na mali ya wazazi, watoto wengine wanaotunzwa na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto.

Kiwango kilichogandishwa katika sheria humuumiza mtoto, na uhuru usio na mwongozo humwachia bahati. Baina ya hayo mawili ipo njia: mwongozo wa mahakama unaotoa makadirio ya gharama kwa umri na mahali, unaorekebishwa kila baada ya muda kufuata bei, na unaogawa mzigo kwa uwiano wa vipato. Hakimu angebaki na uwezo wa kuuacha, ila kwa kutoa sababu. Kwa wasio na hati ya mshahara, makadirio ya pato la kawaida la kazi yao yangekuwa mahali pa kuanzia, na anayedai kupata pungufu ndiye angetakiwa kuthibitisha.

Faida ingeonekana hata nje ya mahakama. Sheria ya Kenya inawaruhusu wazazi kuandikiana makubaliano ya malezi, na maafisa wa watoto huwasuluhisha wengi kabla ya kesi kufunguliwa. Kwa sasa wanaokaa katika meza hiyo hujadiliana bila kipimo, na mwenye fedha ndiye mwenye nguvu ya kusubiri. Mtoto hana nguvu hiyo: muhula unapofunguliwa, karo hudaiwa siku hiyo hiyo.