KILABU YA RADIO SI MUCHEZO



Wamoja wanasema kilabu ya radio ni kupoteza wakati. Mimi ninakataa. Mbele telefone za mukono zifike, misioni na hospitali za Masisi na Walikale zilisemezana na Goma kwa foni. Hata leo vijiji vingi havina rezo, na wakati wa mvua barabara inakufa.

Basi tujifunze kazi hiyo. Kila mwaka, mwisho wa Oktoba, iko mashindano ya CQ World Wide: saa 48, watu wa dunia nzima wanaitana kwa sauti. Namba ya eneo letu ni 36, na majina ya stasio za Congo yanaanza na 9Q. Kila inchi mpya inazidisha alama, kwa hiyo 9Q inatafutwa.

Lakini sisi tusitume sauti. Bila ruhusa ya serikali ni kosa, tena penye vita watakuzania mupelelezi. Tuanze kwa kusikiliza: radio yenye kupokea BLU, waya wa metre 20 kati ya miti miwili ya kalitusi, na kaye ya kuandika saa na jina la kila stasio. Walimu wa fizike, mutusaidie.

Faida kubwa ni adabu. Mwenye foni anangoja zamu, anasema kwa kifupi, anarudilia mpaka mwenzake asikie. Paulo naye aliwaagiza Wakorinto waseme zamu kwa zamu. Siku moja mama mwenye uchungu wa kuzaa atategemea adabu hiyo.