Njia bora ya kusafisha maji: bora kwa nani?

Uliza kwenye foleni ya bidoni kando ya Ziwa Kivu: njia bora ya kusafisha maji ni ipi? Mama mmoja atasema kuchemsha. Kijana wa chukudu atasema klorini. Mzee atasema watoto wake wamekunywa maji ya ziwa tangu kuzaliwa na wako wazima. Aliyeuliza anarudi nyumbani na bidoni yake vile alivyokuja.

Wapo wanaosema kosa ni la swali: ukitaja "bora", umeomba maoni tu. Hiyo ni nusu ya kweli. Swali lina jibu, ila limekatwa mkia. Bora kwa nani, na mwenye nini nyumbani?

Maji yakitokota dakika moja, vijidudu vya kipindupindu vimekufa. Hayo si maoni. Lakini familia iliyolala ndani ya darasa au chini ya turubai itatoa wapi makala kila siku? Tena maji hayo yakichotwa kwa kikombe kichafu, yamechafuka upya. Klorini inabaki ndani na kuendelea kuyalinda, lakini inadai kipimo kinachofaa bidoni, na kungoja dakika 30. Hapo ndipo wengi wanaponzeka: mtoto ana kiu, bidoni inafunguliwa njiani. Na maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu matope yanamaliza nguvu ya dawa. Asiye na makala wala dawa anaweza kulaza juani chupa ya plastiki isiyo na rangi, yenye maji maangavu, kwa masaa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2.

Harufu ya klorini kuchukiza, hayo ndiyo maoni, na kila mtu ana haki nayo.

Mji huu unajua bei ya kubahatisha. Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua karibu wakimbizi 50,000 katika mwezi mmoja. Januari 2025, umeme ulipokatika na mabomba kukauka, wakaaji walirudi ziwani na bidoni zao.

Basi anayetia dawa pale ziwani aulizwe hivi: "Bidoni hii ni ya lita 20. Umetia kiasi gani, na tungoje mpaka saa ngapi?" Hapo foleni nzima itasikia jibu moja.