Rangi ya Gari, Jua la Pwani na Chupa ya Seramiki



Juma hili twaomba radhi ikiwa mtatuona tumetoka kidogo katika mazoea ya safu hii. Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malezi, ndoa na matumizi ya nyumba. Leo twataka kuzungumza juu ya gari, na hasa juu ya ile chupa ya kupuliza ambayo imeingia katika nyumba nyingi za Pwani kwa jina la seramiki. Sababu yetu ni deni tulilo nalo kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, na deni hulipwa.

Mama huyo ni mjane, na gari lake ndilo chombo chake cha riziki. Asubuhi huwapeleka watoto wa majirani shuleni, na alasiri huwarudisha na kuwapitisha madrasa. Alipoona rangi ya paa imeanza kufifia, alituuliza la kufanya. Siku hiyo gari letu liling'aa, kwa kuwa lilikuwa limetoka kuoshwa na kupulizwa dawa na kijana mmoja anayefanya kazi hiyo kando ya barabara. Tukamwambia bila kufikiri, "Nenda kwa yule kijana, yeye hutia seramiki." Akaenda, akalipa shilingi 9,000, akaambiwa rangi yake italindwa kwa miaka 3. Kazi yote ilichukua kama nusu saa. Baada ya wiki 5, maji yalikuwa yakilala juu ya boneti kama zamani, na ubavuni palikuwa na madoa meupe ya duara ambayo hakuwa nayo kabla. Alitujia baada ya darasa la kina mama, akasema kwa upole, "Maalim, sikulaumu, lakini ulisema kama mtu anayejua."

Hatukuwa tukijua. Tulikuwa tumeona mng'aro tu. Basi tukaona ni wajibu wetu kujifunza kwanza, kisha tuwaeleze wengine.

Tuanze na rangi yenyewe. Magari mengi tunayoyatumia hapa kwetu yametoka Japani yakiwa yametumika. Juu ya rangi yake pana tabaka la vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia. Tabaka hilo kwa kawaida lina unene wa takriban maikroni 40 hadi 50, yaani ni jembamba kuliko unywele. Hilo ndilo linalopambana na jua letu, chumvi ya upepo wa bahari, utomvu wa miembe tunayoegesha chini yake na kinyesi cha kunguru, ambao Mombasa wametuzoea kuliko tulivyowazoea. Kila mara gari linaposuguliwa kwa polishi kali, sehemu ya klia hiyo huondoka, wala hairudi. Bandu bandu huisha gogo. Kwa hiyo kuweka kitu cha kulilinda ni jambo la maana, si anasa. Swali ni kitu gani, na kwa bei gani.

Neno seramiki kwa asili lahusu vyombo vya udongo uliochomwa, lakini katika dawa hizi linaashiria silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Kosa letu na la wengi ni kudhani kwamba kila chupa yenye neno hilo ina kazi moja. Ukweli ni kwamba ziko daraja tatu.

Ya kwanza ni mpako kamili wa seramiki. Huu huja katika chupa ndogo sana, mililita 30 au 50, na hupakwa kwa matone, sehemu baada ya sehemu. Kabla yake gari huoshwa, hutolewa uchafu ulioganda, husuguliwa kwa polishi, kisha hufutwa kwa kimiminika chenye spiriti ili mafuta yote yatoke. Baada ya kupakwa, gari huwekwa pakavu kwa saa nyingi ili mpako ugande na kuwa mgumu. Hii ndiyo kazi inayozungumziwa kwa miaka, na ni kazi ya siku nzima au zaidi.

Ya pili ni kinga ya kupuliza. Ina silika na viungo vingine vinavyoshika juu ya rangi, na hesabu yake ni miezi. Kwa mfano, Turtle Wax ya Marekani ina dawa ya namna hii ambayo lebo yake husema hadi miezi 12. Msomaji aliangalie neno "hadi": maana yake ni kwamba haitazidi hapo, si kwamba itafika hapo. Gari linalolala nje katika jua la Pwani lisitarajie hesabu ya lile linalolala bandani.

Ya tatu ni dawa ya kumalizia, ambayo ndiyo iliyo nyingi madukani. Hii ina vilainishi vingi na silika kidogo. Kazi yake ni kuondoa vumbi jepesi na alama za vidole baada ya kuosha, kuongeza mng'aro na kuipa nguvu kinga iliyokwishawekwa. Hesabu yake ni wiki. Si dawa mbaya, na katika kazi yake ni nzuri sana, lakini haikuumbwa kubeba ahadi ya miaka. Hii ndiyo aliyopulizwa mama yetu.

Kuna pia zile zinazopulizwa gari likiwa bado majimaji, kisha zikaoshwa kwa maji ya mpira, kama ile Hybrid Ceramic Wax ya Meguiar's. Ni rahisi kwa mtu mwenye haraka, lakini zahitaji maji ya kutiririsha, na si kila nyumba kwetu ina maji hayo.

Tulitaka kuona kwa macho yetu. Tulinunua chupa 3, moja ya kila namna inayopulizwa, tukaigawa boneti ya gari letu kuukuu sehemu 4 kwa utepe wa wapaka rangi. Sehemu 3 tukazitia dawa, ya 4 tukaiacha tupu. Kisha kila Ijumaa asubuhi tulimwaga kikombe cha maji juu yake na kutazama. Majirani walidhani tumepatwa na jambo.

Dawa ya kumalizia ilipendeza kuliko zote siku ya kwanza, na wiki ya 3 ilikuwa imeanza kuchoka. Ya kupuliza juu ya maji ilifika wiki ya 6. Kinga ya kupuliza tulipoiacha wiki ya 10 bado ilikuwa ikiyakusanya maji katika matone. Sehemu tupu ilishika vumbi hata ikahitaji kusuguliwa, na kusugua vumbi ndiko kunakoleta mikwaruzo. Hata hivyo kunguru alipoacha chake na kikakaa mpaka adhuhuri, sehemu zote 4 zilipata alama. Hakuna chupa inayomlinda mtu na uvivu wa kufuta mapema.

Jambo lililotushangaza ni madoa meupe. Tulidhani kinga inayofukuza maji itayazuia. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu yamejaa chokaa, na mara nyingine chumvi. Rangi yenye kinga huyafanya maji yasimame katika matone ya duara. Tone likikauka juani, maji hupaa na chokaa hubaki. Hivyo gari lililotiwa dawa kisha likaachwa likauke lenyewe laweza kupata madoa yaliyo wazi zaidi kuliko lisilotiwa. Huyo mama alikuwa akiliosha gari kwa maji ya kisima na kuliacha juani, kwa sababu aliambiwa kwamba sasa halihitaji kufutwa.

Dawa ya madoa hayo ikiwa bado mapya imo jikoni: siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ikatiwa kwa kitambaa laini kwenye rangi iliyopoa, ikaachwa kwa muda mfupi, kisha ikaoshwa vizuri kwa maji na kukaushwa. Baada ya hapo kinga itiwe upya mahali hapo, kwa maana siki huidhoofisha.

Sasa namna ya kutia. Liosheni gari asubuhi mapema au baada ya alasiri, mahali penye kivuli, rangi ikiwa imepoa mkononi. Ndoo 2 zatosha: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi juu ya rangi. Hapo pana faida ya pili, kwani ndoo 2 za lita 20 huosha gari dogo, na maji ni neema isiyofaa kumwagwa kwa mpira ulioachwa wazi. Msitumie sabuni ya unga ya kufulia. Ni kali kwa rangi. Ya kuoshea vyombo nayo huondoa kinga iliyopo, basi yafaa tu siku mnayotaka kuanza upya.

Likaushwe lote. Kisha vaeni mkononi karatasi laini ya plastiki ya kufungia chakula na mpapase boneti. Mkihisi chembe chembe, huo ni uchafu ulioganda, na hutolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi unaouzwa madukani, pamoja na kilainishi chake. Kutia kinga juu ya uchafu ni kama kupaka hina juu ya mkono wenye unga.

Tikiseni chupa. Chukueni vitambaa 2 vya maikrofaiba, vikavu na safi. Pulizeni mara 1 au 2 juu ya kitambaa cha kwanza, si juu ya gari, na fanyeni sehemu moja ndogo kwa wakati: nusu ya boneti, kisha mlango mmoja. Sambazeni, kisha geukeni mara moja kwa kitambaa cha pili mfute mpaka alama zipotee. Kosa letu lilikuwa hapa. Mara ya kwanza tulipuliza boneti nzima saa sita mchana, tukaenda kujibu simu. Tuliporudi dawa ilikuwa imekauka kwa michirizi. Mwenzetu wa nyumbani alitutazama, akasema, "Umeipaka kama mafuta ya nazi." Akachukua kitambaa kilicholowa dawa kidogo, akailainisha michirizi na kuifuta, kazi ya dakika chache. Kilichozidi hakiongezi kinga; huongeza ukungu tu. Msilowanishe gari kwa saa kadhaa, au kwa muda ulioandikwa kwenye lebo.

Yako mambo ya usalama pia. Dawa hii isiguse diski za breki, kwa maana breki ni mahali pa kushika, na dawa huteleza. Isipulizwe kwenye usukani, pedali wala viti. Kioo cha mbele kiachwe, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi huacha ukungu unaometa usiku mbele ya taa za magari mengine. Na chupa iwekwe mbali na watoto.

Kuhusu pesa, hesabu si ngumu. Chupa moja ya dawa ya kumalizia, ikitumiwa kwa kiasi, yatosha gari dogo mara nyingi sana. Kwa nyumba ya kawaida ushauri wetu ni kinga ya kupuliza mara moja kila miezi 2 au 3, na dawa ya kumalizia baada ya kuosha, ukiweza. Mkiuziwa "seramiki ya miaka", ulizeni maswali matatu: Gari litabaki hapa kwa muda gani? Rangi itasafishwa na kusuguliwa kabla? Chupa ni ndogo ya matone au kubwa ya kupuliza? Anayejibu kwamba ni nusu saa na chupa ya kupuliza anauza wiki kwa bei ya miaka.

Tulikwenda kwa yule kijana pamoja na mama mwenyewe. Tulikuwa tumejiandaa kumkemea. Alitoa chupa yake akatuonyesha lebo, na tukatambua kwamba naye hakuwa akijua tofauti; aliliona neno seramiki na akarudia alichokisikia. Lakini kutojua hakumrudishii mjane pesa zake. Kuuza ahadi usiyoijua ni ghishi hata kama moyo haukukusudia, na kumwelekeza mtu kwa jambo usilolijua ni mlango ule ule. Tulimwambia hivyo, nasi tukijihesabu ndani yake. Alirudisha shilingi 6,000, akaahidi kwamba zilizobaki atazilipa kwa kuliosha gari la mama huyo. Mpaka leo huliosha kila Jumamosi, kwa ndoo 2, na hulikausha.

Ubao wake wa bei nao umebadilika. Zamani uliandikwa "Seramiki miaka 3". Sasa umeandikwa "Dawa ya kung'arisha, wiki 3 hadi 4", na bei imeshuka mpaka shilingi 800. Tulimuuliza kama wateja wamepungua. Akajibu, "Wamepungua kidogo, Shekhe, lakini hawarudi kugomba."

Tukutane juma lijalo, inshaallah.