Gari inayogonga Ngomo imetoka na ugonjwa Bukavu

Wanaosafiri kati ya Uvira na Bukavu kwa barabara ya taifa nambari 5 wanaijua ile sauti. Gari imepita Kamanyola, watu wamebanana, magodoro na mafurushi yamefungwa juu. Mlima wa Ngomo unaanza, na chini ya kiti cha shofere moteri inalia kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Shofere anaongeza muziki. Mara nyingi hayo ndiyo matengenezo pekee gari itakayopata siku hiyo.

Mafundi husema moteri inagonga. Katika gari za esanse zilizozeeka, ambazo ndizo nyingi katika njia hii, sababu moja kubwa ni masizi yaliyoganda ndani ya moteri. Sauti ikitoka wakati wa kupanda na mzigo, kisha ikapotea mara shofere anapoinua mguu kwenye aksileta, masizi ni ya kushukiwa kwanza. Ikiwa ni mgongo mzito, wa chini, unaosikika hata gari ikishasimama, hapo huenda bieli imekwisha, na hiyo ni habari nyingine yenye bei nyingine. Na gari ya mazuti hugonga kidogo kwa asili yake, isichanganywe humu.

Ndani ya silinda, esanse na hewa vinatakiwa kuwaka pale buji inapotoa cheche, moto usambae kwa utaratibu na kusukuma pistoni chini. Masizi yakiganda juu ya pistoni na kwenye kulasi yanapunguza nafasi, hivyo mchanganyiko unabanwa kuliko kiwanda kilivyopanga. Tena yanashika joto kama kaa la moto na yanaweza kuwasha esanse kabla ya buji. Sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe, na kile kishindo ndicho kinachosikika. Siku moja haiui moteri. Wiki nyingi za namna hiyo huvunja segmenti, huchoma gasketi ya kulasi, na mwisho hutoboa pistoni.

Kuna jambo ambalo mashofere wengi wa njia hii wanalikosea. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, Uvira iko karibu na mita 800. Hewa ya Bukavu ni nyepesi. Gari ya kabireta ambayo haikurekebishwa kwa hewa hiyo inakunywa esanse nyingi kuliko hewa, inatoa moshi mweusi, na masizi yanajaa polepole. Filta ya hewa iliyozibwa na vumbi la barabarani inafanya kazi hiyohiyo kwa gari ya kabireta. Lakini hewa hiyo nyepesi pia inaficha ugonjwa, kwa sababu silinda haijai sana. Gari inazunguka Kadutu mpaka Ibanda bila kulia sana. Inaposhuka bonde la Ruzizi, joto linapanda na shinikizo la hewa linaongezeka kwa karibu asilimia 9. Sasa moteri inagonga, na shofere anaapa kwamba gari imeharibikia Uvira, au kwamba ni esanse mbaya ya Sange. Ugonjwa alishuka nao mwenyewe.

Hata hivyo, esanse ya njiani haiwezi kusafishwa jina. Kwa kadhafi, pale bidoni na chupa zilipopangwa kando ya barabara, hakuna anayejua kilichomo. Mafuta ya taa yakichanganywa ndani ya esanse, mchanganyiko unashindwa kuvumilia kubanwa, na yanaacha masizi zaidi. Ni hasara mara mbili kwa lita moja. Mwenye kuchanganya anapata faranga chache, na wenye kulipa ni watu asiowaona kamwe.

Watu hao ndio wanaosahaulika katika mabishano ya garaji. Moteri ikifia katikati ya Ngomo, shofere anabaki na gari yake na simu yake. Mama aliyekimbia na watoto, aliyetumia pesa ya mwisho kwa tiketi, anabaki ukingoni mwa barabara na masufuria yake, jua likizama, mahali ambapo hakuna anayependa kulala. Nauli hairudishwi, au inarudishwa nusu baada ya kelele. Gari nyingine ikipita inaomba bei mpya. Kwa familia iliyohama, huo si usumbufu wa safari tu. Inaweza kuwa chakula cha juma zima. Kwa hiyo si haki kuendelea kusema kwamba kugonga kwa moteri ni siri kati ya shofere na fundi wake.

Lawama pia zisimwangukie shofere peke yake. Kila jioni anampelekea patroni kiasi kilekile, gari iwe nzima au ilemae. Akisimamisha gari siku mbili ifunguliwe kulasi, hizo siku mbili ni deni lake. Nani angesimamisha? Patroni anayetaka gari idumu anapaswa kuzitoa siku hizo kwenye hesabu yake mwenyewe. Bila hivyo anauza moteri yake kidogo kidogo, kisha anamfukuza shofere kwa kuiua.

Na mafundi nao wana dhambi yao. Gari inayogonga ikiletwa, njia ya haraka ni kurudisha avansi nyuma. Sauti inapungua, mteja anashukuru, analipa. Lakini gari inakosa nguvu, inakunywa esanse zaidi, inachemka mlimani, na masizi bado yamo. Wengine hunyunyiza maji kidogo kidogo kwenye kabireta moteri ikizunguka, ili mvuke ubandue masizi. Mikononi mwa anayejua, hiyo inasaidia. Yakizidi, maji hayabanwi kama hewa, na bieli inapinda palepale.

Kazi yenyewe inaanza na kufungua buji. Zikiwa nyeusi na kavu, gari inakula esanse kupita kiasi: filta, kabireta au vipimo vya moteri vitazamwe. Zikiwa nyeusi na zimelowa, moteri inakunywa mafuta yake yenyewe kupitia segmenti au vizibo vya valvu, na kukwangua bila kubadilisha hivyo ni kupaka chokaa ukuta unaoanguka. Kisha kulasi inafunguliwa. Masizi yakwanguliwe kwa ubao mgumu au brashi ya shaba, si kwa bisibisi, maana pistoni ni ya aluminiamu na mkwaruzo mmoja ni mwanzo wa masizi mapya. Gasketi iwe mpya. Ile ya zamani iliyopakwa gundi ndiyo inayofanya maji yachemke kule Nyangezi.

Na siku ambayo pesa haijapatikana? Gari ibebe kidogo. Shofere asing'ang'anie vitesi ya tatu mlimani huku amekanyaga aksileta mpaka chini. Ashuke ya pili mapema, moteri izunguke kwa wepesi, sauti itapungua kweli. Abiria naye anaruhusiwa kuomba muziki uzimwe dakika mbili pale Kamanyola, kabla ya mlima, wakati gari nyingine bado zinapatikana na nauli bado iko mkononi mwa konveyeri.