Akili mnemba ikiingia masijala, nani anajibu ikikosea?

Katika ofisi zetu nyingi, kumbukumbu ya kweli haimo kabatini, imo kichwani mwa mtu mmoja wa masijala. Yeye ndiye anayejua waraka upi uko faili lipi, na upi ulishafutwa. Hata hapa redioni tumeyaonja: tulitafuta kanda ya mahojiano ya zamani siku mbili, mwishowe tukampigia mzee aliyekwishastaafu. Alituelekeza kwa dakika moja.

Pengo hilo ndilo mashirika makubwa yanataka kuliziba kwa mashine zinazojifunza. Mwaka 2023, benki ya Morgan Stanley ya Marekani iliwapa washauri wake wa fedha programu iliyojengwa kwa teknolojia ya OpenAI, inayopekua takriban nyaraka 100,000 za benki yenyewe. Mshauri anauliza kwa lugha ya kawaida. Programu inatafuta nyaraka zinazokaribiana kimaana na swali, hata kama maneno hayafanani, kisha inaandika jibu kutokana nazo.

Shida iko kwenye hizo nyaraka. Ukiiwekea mwongozo wa likizo wa zamani na mpya kwa pamoja, inaweza kuokota wa zamani na kukujibu bila kusita. Mtu wa masijala angekwambia, "Huo uliachwa tangu mkurugenzi aliyepita."

Gharama ya majibu yanayopingana ilionekana Canada. Programu ya kujibu maswali kwenye tovuti ya Air Canada ilimwambia abiria aliyefiwa kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli baada ya safari. Ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo ulisema haiwezekani. Februari 2024, baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia liliamuru shirika limlipe zaidi ya dola 800 za Canada, na likakataa hoja kwamba programu hiyo ijibebee lawama yenyewe. (Hoja ya ajabu, kusema kweli.)

Kwa hiyo mkurugenzi anayetaka kununua programu ya aina hii ili apunguze watu wa masijala anaanzia pabaya. Hao ndio wa kuisafisha kumbukumbu kabla mashine haijaisoma, na kuondoa waraka kila unapofutwa. Bajeti ya kazi hiyo iwemo tangu mwanzo, na jina la mhusika liandikwe.